Lori la Kwenda Kwetu

Baba, askari polisi, alipofariki, tulitakiwa kuhama nyumba ya kambi, kama zinavyotakiwa familia zote za marehemu. Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna wizara, jiji na mtaa zinavyoweza kushirikiana ili mtu asikose makazi. Asubuhi moja ushirikiano huo ulifika mlangoni petu: ofisa ustawi wa polisi, mwenzake wa jiji, na mwenyekiti wa mtaa. Walikuwa wapole, na walikuwa wamekwisha kubaliana.

"Mama, lori litakufikisha hadi nyumbani, kule kaskazini," akasema ofisa wa polisi.

"Nyumbani kwa nani, afande? Kule nimekwenda kuzika tu. Watoto wote nimewazalia hapa Kampala."

"Lakini kila mtu ana kwao," mwenyekiti akasema, akicheka kidogo.

"Basi, mwenyekiti, kwetu ndiko huku mnakoniondoa."

Lori likaja.

Sasa nimepanga chumba Mulago, hapa hapa Kampala, kidogo mno kwa watu wawili, na sura ya mwisho ya tasnifu imenigomea. Kwa hesabu ya ofisi zote tatu, Mama amepata makazi. Nimeipima hoja hiyo mara nyingi bila kuona kosa lake, ingawa najua lipo. Natamani anikemee kwa kuacha viatu mlangoni. Jioni hunipigia simu kutoka uani kwa shemeji yake, kule kaskazini.

"Wananipenda sana, mwanangu," aliniambia jana. "Chakula hunipakulia mimi kwanza. Wananiita mgeni."