Raba ya Giaboksi Ndani ya Soksi

Jumapili mchana, kwenye baa ya kijiji chetu karibu na mji wa Abingdon, sisi wapenzi wa magari ya zamani ya michezo tuna mchezo wetu: mtu anatia kipuri ndani ya soksi, mwingine anakipapasa na kukitaja. Bingwa ni Hedley Crabtree, tarishi mstaafu, mtu wa kuudhi kupita kiasi. Raba zinazobeba injini na giaboksi anazijua kuliko anavyowajua wajukuu zake. Ukimbishia, atakuhutubia mpaka povu la bia yako liishe.

Gari lake mwenyewe limekaa kwenye gereji ya nyumbani kwake miaka nenda rudi. Kila akiliwasha linatetemeka kama mgonjwa wa homa, naye analaumu hali ya hewa. Mkewe, Winifred, mfinyanzi, anaitaka gereji hiyo. Tanuri lake la kuchomea vyungu limekaa sebuleni, limefunikwa shuka. Walikubaliana mbele yetu: gari litauzwa siku Hedley atakapokiri kwamba limemshinda. Hedley kukiri! Angemeza spana kwanza.

Jumapili iliyopita Winifred alileta soksi yake. Hedley akafumba macho, akapapasa, yai lililolowekwa kwenye siki, kitafunwa cha baa yetu, likiwa mdomoni.

"Raba ya giaboksi," akasema. "Ya gari kama langu. Lakini hebu ngoja." Akacheka. "Kuna punguani kaifunga juu chini. Imelika upande mmoja. Ilipokataa kuingia akaitwanga nyundo."

"Na hilo hufanya gari litetemeke?" Winifred akauliza kwa upole.

"Litaachaje? Huyu anyang'anywe gari, mke wangu. Apewe baiskeli."

"Haya. Nimeitoa kwenye lako asubuhi, ulipokuwa umelala. Niliweka jeki, nikafungua. Bolti tu ndizo zilizonitesa."

Hedley akaitoa raba kwenye soksi, akaigeuza mara mbili, akayatambua makovu ya nyundo yake. Yai likagoma kushuka. Mimi, ambaye ameniita punguani mbele za watu sijui mara ngapi, nilikuwa nimejiandaa kucheka mpaka nianguke. Nikajikuta namwonea huruma, jambo lililoniudhi sana.

"Huyo atakayelinunua gari," akasema hatimaye, sauti imemshuka, "utamwambia nani aliifunga?"

"Nitamwambia tulilinunua likiwa hivyohivyo," akasema Winifred, akamfuta siki kidevuni.