Maksi za Nyongeza

Wanawake wanaouza nyanya kando ya barabara pale Ilula wanajua kwamba ukitaka kuambiwa ukweli uende kwa Severina, na ukitaka kubembelezwa uende popote pengine. Nyanya zako zimeoza chini, atakwambia zimeoza chini, na mnunuzi wako amesimama hapo hapo anasikia. Mwanao mvivu, atakutajia na mwaka alioanza uvivu. Ameishia darasa la saba na hajawahi kumlilia mtu kwa hilo. Meza yake huwa imepangwa: nyanya kwenye sado, zile ndoo ndogo za kupimia, vitunguu kwenye mafungu, na kila anayenunua anaongezewa. Hilo la kuongeza halina mjadala pale. Mteja akishalipa, mkono wa Severina unarudi wenyewe kwenye rundo, unachukua nyanya mbili tatu, unatupia juu ya sado. Asiyeongeza hauzi. Gari likisimama, abiria anakimbilia meza anayoijua kwa nyongeza.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Severina amewahi kumdanganya, na alimdanganya miezi mitano mfululizo, mchana kweupe, mbele ya nyanya zake. Ni mume wake.

Mume wake anaitwa Gideoni Kalinga, mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ishirini na mbili amefundisha darasa la tano, kwa cheti alichokipata ujanani baada ya kidato cha nne. Mwaka juzi shule yao ililetewa mwalimu mkuu mpya, kijana mwenye digrii, Fred. Gideoni alimtambua kabla hajafika ofisini: alimfundisha huyu kugawanya, na alimfuta kamasi. Fred alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akamkabidhi ratiba ya vipindi. Gideoni akaipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani hakulalamika. Alisema tu kwamba anataka digrii, na kwamba chuo kikuu kina mtihani wa watu wazima ambao hawakupita kidato cha sita, ukiufaulu unaingia. Severina akamwuliza kwa umri ule anataka kusomea nini, ufufuo wa wafu? Gideoni akacheka. Lakini Severina aliona alivyokuwa akiikunja ile ratiba, anaikunja na kuikunja mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, na utani ule hakuurudia.

Mara ya kwanza alifeli. Mambo mengine yalikwenda. Kilichomwangusha ni ufahamu wa Kiingereza, pale mtu anapopewa habari aisome, halafu maswali kumi, kila swali na majibu manne, A mpaka D, achague moja. Akanunua kitabu cha mazoezi chenye habari mia moja na ishirini na majibu yote nyuma. Shida ikawa msahihishaji, kwa sababu alipofanya peke yake jicho liliteleza kwenda nyuma ya kitabu kabla ya mkono kuandika. Rafiki yake Crispin, mwalimu wa Kiingereza sekondari ya kata, alijitolea kumfundisha kila Jumamosi. Gideoni akasema ataanza kwanza na mkewe, aibu yake ibaki nyumbani.

Basi kila siku ya shule, saa kumi na nusu jioni, alifika mezani, akakaa juu ya kreti tupu la nyanya, akasoma habari moja, akaandika herufi zake kumi kwenye karatasi. Severina Kiingereza hakijui, ila herufi anazijua. Alifungua nyuma ya kitabu, akalinganisha herufi na herufi kwa kalamu nyekundu: vema, kosa, vema. Gari likija alikimbia kuuza, akarudi kumalizia. Na kabla ya kusahihisha alidai asimuliwe habari yenyewe kwa Kiswahili, maana hawezi kusahihisha kitu asichokijua kinahusu nini.

Habari ya kwanza ilimhusu bibi kizee, mjane, aishiye peke yake mlimani, ambaye kila jioni alifunga mlango hata jirani wakija. Swali liliuliza kwa nini alifunga. Gideoni alichagua kwamba ni kwa sababu ya huzuni. Majibu ya nyuma yalitaka herufi nyingine, na Gideoni akamfasiria: kwa sababu ya upepo. Severina alikasirika kweli. Upepo? Kitabu hiki kinajua nini kuhusu wajane? Lakini siku hiyo aliweka kosa, kama alivyofundishwa, akajumlisha: nne kati ya kumi.

Gideoni aliichukua ile karatasi, akaitazama, akaanza kuikunja. Jioni ile hakula.

Kesho yake alipata tano. Severina alijumlisha mara mbili, ikawa ile ile tano. Gideoni amekaa kwenye kreti, mikono katikati ya magoti, anangoja kama mtoto wa darasa lake. Ndipo mkono wa Severina uliporudi wenyewe, kama unavyorudi kwenye rundo. Penye kosa ukaweka vema, na penye kosa jingine tena.

"Saba," akasema.

"Saba?"

"Umeziba masikio? Nimesema saba."

Usiku huo Gideoni alikula, akaongeza mboga.

Mwanzo wa kitu kama hicho ni mdogo. Severina alijiambia ni ya kumtia moyo tu, akishachangamka ataacha. Lakini aliyepewa saba leo kesho huwezi kumpa tano. Atauliza nini kimetokea. Mwezi wa pili ikawa nane, wa tatu ikawa tisa. Gideoni akaanza kupiga mluzi nyimbo za kwaya akitoka shuleni, na alinyoosha mgongo mbele ya Fred. Yale makosa hakuyarudia kuyatazama, maana hakuambiwa kwamba ni makosa. Na kitabu alimwachia mkewe mezani, asije akajaribiwa kuchungulia. Mwaminifu hivyo.

Jumamosi moja Crispin alipita akasimama mezani.

"Kamwene, shemeji. Nimekuja kumdai mwanafunzi wangu." Akamgeukia Gideoni. "Ndugu yangu, shida yako mimi naijua. Unajibu unachokijua wewe kuhusu dunia. Mtihani unauliza kilichoandikwa pale. Nipe Jumamosi nane tu tukirekebishe hicho."

"Usihangaike," Gideoni akasema, akamwonyesha Severina kwa kidevu. "Mwalimu ninaye. Na huyu unamjua, habembelezi mtu."

Crispin akacheka. "Hilo nalijua. Shemeji, anapata ngapi?"

Severina alikuwa anafuta nyanya kwa kitambaa. Aliifuta ile moja mpaka ikang'aa.

"Tisa," akasema. "Jana kapata tisa."

Jana alikuwa amepata tano.

Crispin akapeana mkono na rafiki yake, akampongeza, akaenda zake. Severina alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya maduka. Angeweza kumwita, sauti yake ile inasimamisha basi.

Mtihani ulifanyikia Mbeya. Gideoni alivaa koti lake la harusi, akabeba sado ya nyanya za kumpelekea dada yake Lusia anayeishi huko huko, mtaa wa Soweto, akalala kwake siku mbili. Alipotoka kwenye chumba cha mtihani alipiga simu akasema maswali yalikuwa kama yale ya mezani, mepesi. Matokeo yakaja baada ya wiki kadhaa. Amefeli, na somo ni lile lile.

Angelaumu chuo ingekuwa nafuu. Alijilaumu yeye. Alisema shida ni woga: mezani anayajua yote, akiingia kwenye chumba cha mtihani yanamkimbia. Watu wakakubali, hata Crispin akakubali, maana mtu anayepata tisa nyumbani na kuanguka Mbeya ana nini kama siyo woga? Jumapili akasimama kanisani mwenyewe, akaomba aombewe. Mchungaji alimwita mbele, wazee wa usharika wakaweka mikono kichwani pake, na kanisa zima likamwomba Mungu amwondolee mtumishi wake roho ya woga. Gideoni alilia. Mama yake alipozikwa hakulia, lakini siku hiyo alilia mpaka mabega yakatikisika, na mama mmoja aliyekaa karibu na Severina alimshika mkono amfariji. Severina macho yake yalikuwa wazi wakati wote wa maombi.

Jumatatu, saa kumi na nusu, Gideoni akafika na karatasi mpya. Alikaa kwenye kreti, akasema ataanza kitabu upya toka mwanzo, sasa hana mzigo. Akaisoma habari ya bibi kizee. Akaandika herufi zake. Severina akafungua nyuma.

Alisahihisha taratibu kuliko siku zote.

"Nne," akasema.

Gideoni akatabasamu. "Mama Happy, usinitanie leo."

"Ni nne, Baba Happy. Na ile siku ya kwanza ilikuwa nne. Zile tisa nilikuwa nakuongezea."

"Kuniongezea vipi?"

"Kama ninavyowaongezea hawa." Akaonyesha barabarani, kwenye magari.

Alingoja apigiwe kelele. Kwa kelele alikuwa na majibu, maisha yake yote hajawahi kukosa jibu la kelele. Gideoni hakupiga kelele. Aliikunja karatasi mara moja, akaikunjua.

"Siku aliyopita Crispin hapa, nilikuwa nimepata ngapi?"

"Tano."

"Na jana kanisani ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia. Basi la kwenda Mbeya likaingia, wenzake Severina wakakimbia, na miguu yake ikakimbia nao kwa mazoea. Mama mmoja dirishani alinunua sado nzima, akapokea, akangoja.

"Nyongeza yangu iko wapi?"

Severina alikuwa amesimama na nyanya tatu mkononi. Mkono haukunyanyuka. Yule mama akalalamika kwamba siku hizi Ilula wamekuwa wachoyo, na basi likaondoka naye. Severina aliporudi mezani kreti lilikuwa tupu. Kitabu kilikuwa pale, katikati ya vitunguu, kimefungwa vizuri.

Gideoni hakufanya tena ule mtihani. Crispin alikuja mara mbili kumwambia Jumamosi zipo. Alishukuru, akasema amechoka. Bado anafundisha darasa la tano, bado anampokea Fred ratiba kwa mikono miwili. Nyumbani anakula, anaongea habari za mbolea na za mtoto wao Happy aliyeolewa Idodi. Hajamwambia mtu yeyote alichofanya mkewe. Kanisani wanamshukuru Mungu kwamba woga umemtoka, wanasema ametulia, na yeye anawaitikia amina. Saa kumi na nusu hupita mezani, humsalimu, huenda moja kwa moja nyumbani.

Wenzake wanasema Severina ulimi umepungua makali. Siku moja alimsimamisha Crispin, akafungua kile kitabu ukurasa wa bibi kizee, akamwomba amwonyeshe tu kwa kidole penye upepo. Crispin akamwonyesha bila kuuliza. Ni mstari wa tatu, upo wazi kabisa, wala haujajificha. Asubuhi kabla magari hayajaanza kusimama, Severina hufungua pale, akaweka kidole juu ya neno lile asiloweza kulisoma. Yeyote angeliona, kama mtu angemwambia umekosa, rudi utazame.