Firigisi ya Baba Mdogo

Mama ana muujiza mmoja anaoushuhudia kanisani kila mwaka. Mimi, niliyefikishwa chuo kikuu na muujiza huohuo, hutakiwa kukaa benchi la mbele na kuitikia amina.

Uhuru ulikuwa umekuja majuzi. Kijijini kwetu Lurambi tuliletewa bendera. Paa letu likaendelea kuvuja palepale. Baba alikuwa amekufa akituacha mabinti wanne, na mdogo wake akarithi kauli ya nyumba, jembe akaliacha. Nilipopata nafasi ya sekondari, shule ilitaka barua ya mlezi, na mlezi ni mwanamume. Baba mdogo akasema msichana anayeweza kuhesabu kuku amesoma vya kutosha, aolewe.

Mama akafunga siku tatu. Nasi tukafunga naye, maana chakula chenyewe hakikuwapo. Jumapili akamchinja kuku wetu wa pekee, akamwalika baba mdogo pamoja na mzee wa kanisa.

Kwetu wanawake hupika kuku, hawamli. Na firigisi ni ya mwenye nyumba. Akinyimwa, ameambiwa hana lake hapo. Baba mdogo akapekua bakuli, akageuza shingo, akageuza mabawa.

"Shemeji, firigisi iko wapi?"

"Hata mimi nashangaa," mama akasema, mikono kifuani. "Nimempasua mwenyewe. Hakuwa nayo. Labda Bwana ana maana yake."

"Sasa huyu kuku mahindi alikuwa akisagia wapi? Kisiagi cha sokoni?"

"Mungu hashindwi na kitu, shemeji."

Baba mdogo akainuka, tonge la obusuma, ugali wetu, bado mkononi. "Basi mimi si mwenye nyumba hii! Hao wasichana ni wako. Wapeleke hata mwezini!"

Mama akamgeukia mzee wa kanisa. "Umemsikia, baba. Niandikie hivyohivyo, nipeleke shuleni."

Mzee akanawa mkono, akaandika, akatia sahihi, kisha akarudia paja lake.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani nimejaa falsafa, nikambana mama jikoni. Nikamweleza maumbile ya ndege kwa kirefu. Kila kuku ana firigisi, mama. Hilo halina ubishi. Yeye akaendelea kuchambua maharagwe.

"Ndiyo maana ukaitwa muujiza."

"Au ni malaika aliyeshuka akaila?"

Akatoa kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa.

"Pengine. Ila angengoja iive, isingemsumbua meno vile."