Barua za Vitani kwa Jirani Yangu

Jirani yangu hapa Kilosa ana kopo la biskuti lililojaa barua za marehemu baba yake, za kutoka vitani Burma na za kazini, alipokuwa karani wa reli baada ya vita. Kabla ya kulifungua hunawa mikono, hufuta miwani kwa pindo la khanga, kisha hunusa karatasi kama anayepima mboga ya jana. Husoma kwa sauti nzito ambayo si yake. Jumapili Ditram na mdogo wake Onesphory walifika wameshikana mashati kwa ajili ya mpaka wa shamba la Masanze, wakaachiana ili tu wamwamkie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaeni. Baba aliliona hili tangu Burma." Akafungua barua, akasoma: "Huku nimezika wenzangu wengi, na udongo haujamkataa hata mmoja. Msiugombanie, utatutosha sote."

Ditram akafuta macho. Chai haijaisha, walikuwa wamekubaliana kupanda minyaa iwe mpaka katikati ya eneo walilogombania.

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha bibi, nikiiona karatasi. Barua ile ilikuwa imepigwa taipu, na ndani yake ofisi ya reli ilimnyima baba yake likizo kwa sababu mvua zilibomoa daraja. Wale ndugu walipoondoka, nikamwambia nilichokiona. Akaikunja bila haraka.

"Baba hakuwa mwandishi mzuri, mwanangu. Mimi namsaidia. Haya, na wewe kaa. Ipo moja aliyoandika kuhusu watu wanaochungulia."