Nilirudisha Korosho za Wifi, Nikamlisha Mama Sukari

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kunionea huruma. Naficha jina kwa kuwa Ukunda ni padogo, na wifi yangu anajulikana mpaka Lunga Lunga kwa korosho zake. Mie najulikana kwa kiburi.

Nauza katika duka la vyakula vya afya huko Diani. Mteja anaingia na miwani ya jua usoni, anashika pakiti ya dengu kwa vidole viwili, kisha anauliza, "Hii ni ogani?" Yaani, imelimwa bila dawa wala mbolea za dukani? Nikisema ndiyo, anatabasamu kama aliyeahidiwa pepo. Nikisema la, anairudisha haraka asije akafa palepale.

Nilikuwa nikiwacheka watu hawa. Halafu, jamani, nikawa mmoja wao! Tena mbaya zaidi, maana wao wanajilisha wenyewe, mie nilimlisha mamangu.

Mama ana kisukari, na wakati huo alikuwa akikaa nami. Biskuti za shayiri, sharubati ya zabibu, asali ya chupa, vyote nilimletea kutoka dukani, mradi tu vina ule muhuri wa ogani, wenye jani la kijani. "Kula, Mama, hii ni ogani, haina madhara." Naye akila, maskini, kwa kuwa aliyemwambia ni bintiye aliyesoma.

Aliyesoma! Nilichosoma mie ni upande wa mbele wa pakiti.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mwezi wa Ramadhani wifi yangu, mke wa kaka, alikuja kutoka Msambweni na kikapu cha Mama. Yeye na wanawake wenzake huchoma korosho bila mafuta, husaga pia unga wa uji, kisha hutia kwenye pakiti safi na kubandika karatasi. Kwenye korosho iliandikwa: korosho, chumvi kidogo. Kwenye unga: mtama, wimbi. Basi, hakuna kingine.

Nikaigeuza geuza ile pakiti na midomo nimeibenua. "Wifi, mbona haina muhuri wa ogani?"

"Haina, wifi yangu," akasema. "Mikorosho yetu twaipulizia dawa ya ukungu ikitoa maua. Siwezi kuwaandikia watu uongo kwenye chakula chao. Lakini humo ndani hamna zaidi ya hayo uliyoyasoma."

"Kwa hiyo wataka kumlisha mamangu sumu?"

Nilisema hivyo mbele ya majirani waliokuja kufuturu! Wifi akajitanda leso yake vizuri. Mama akasema, "Niachie japo konzi moja, mwanangu." Nikakataa.

Na sikuishia hapo. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kama ni kwa kutia ndimu mbili ndani. Mie kikapu cha wifi nilikirudisha kesho yake na vitu vyake vilevile, havijaguswa. Wa Pwani mwanielewa. Ni afadhali ningemtukana. Kaka alinipigia simu, akasema nimemvunjia mkewe heshima, akakata. Nikamwona mshamba.

Baada ya Idi, kiatu kilimchubua Mama kidole cha mguu. Kidonda kidogo tu, lakini kikakataa kupona. Akawa anakunywa maji haishi kiu, anachoka, anasinzia hata katikati ya mazungumzo. Dawa yangu ikawa kumwongezea sharubati! Asubuhi moja akashindwa kusimama, nikamkimbiza hospitali.

Muuguzi aliniuliza Mama anakula nini. Kwa maringo, nikatoa mkobani pakiti ya biskuti niliyokuwa nimemchukulia. Akaigeuza nyuma na kuanza kusoma.

"Dada, hapa mna sukari ya miwa, mna asali, mna na sharubati ya tende. Hizi zote ni sukari."

"Lakini ni ogani!" nikasema.

Akanitazama kwa utulivu. "Ni kweli miwa haikupuliziwa dawa. Sasa hiyo sukari ikiingia kwenye damu ya mamako, itapungua kwa ajili hiyo?"

Yarabi! Pakiti ile nimeiuza miaka mitatu, na sikuwahi kuigeuza nikasoma nyuma.

Kidole gumba cha mguu wa Mama kilikatwa. Alipopewa ruhusa ya kutoka, aliniambia kwa upole kwamba atakwenda kukaa Msambweni kwa mwanawe. Hakunilaumu. Niliomba anilaumu, hakunilaumu.

Nilikwenda kumwomba wifi msamaha. Nilitaraji anifukuze, naye akanikaribisha chai. "Yamekwisha, wifi," akasema. "Ulikuwa hujui." Mie, mwenye kufunza wateja afya kutwa nzima! Mama anakula hapo samaki, mchicha, uji wa mtama bila sukari, na korosho chache za kupimiwa. Sukari yake imeshuka na kidonda kimefunga. Dawa ya ukungu ya mikorosho haijamuua bado.

Nyinyi mnaozunguka madukani mkiinua pua, mkidharau pakiti ya mwanamke wa Msambweni kwa kuwa haina jani la kijani, geuzeni pakiti! Someni nyuma mjue mnachomlisha mgonjwa wenu. Msiposoma, yatawafika yaliyonifika mie Ijumaa iliyopita.

Nilikwenda kumwona Mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono. Kisha akautazama mkoba wangu.

"Umeniletea nini, mwanangu?"

"Sikuleta kitu, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na akanipisha nikae.