Chupa za Mwisho za Dalmas

“Dalmas tulimzika kule kwao Asembo, tukaona kwa macho yetu,” Maximilla alimnong'oneza jirani yake Nabututu kwenye bomba la maji la mtaa wa Migosi. “Lakini bado anafunga chupa. Haya, sikiliza!”

Kweli, nyumbani kwa Perez, mjane wa Dalmas, ilisikika ile mashine ya mkono ya kufunga vizibo: ta! Nabututu akakaza leso iliyombeba mtoto mgongoni, akaenda kubisha.

Alimkuta Perez peke yake, ameketi kando ya ndoo ya bia, vipande vya chupa vimemzunguka. Hiyo ndiyo bia ya mwisho aliyopika marehemu. Jumapili ingemwagwa kidogo kaburini, kisha wazee wanywe. Bila vizibo ingechacha.

“Miaka yote mimi nilishika chupa, yeye akabonyeza,” Perez alisema. “Nikifanya yote mawili, inapasuka. Zimebaki nne tu. Na kila mara namsikia: Perez, shika vizuri.”

Nabututu akasogea hadi kwenye mashine.

Perez akaikumbatia chupa kwa mikono miwili, akafumba macho.

“Bonyeza wewe, mwanangu. Ila tafadhali, usiseme neno. Nataka niamini ni yeye.”