Kila Jumapili Dereva Alikwenda Wapi

Sisi wazee watatu tukikutana hapa Birmingham hatuzungumzi vita. Vita vyenyewe hatukuviona sana, na vile tulivyoviona havifai kunywewa chai. Serikali yetu ilitutuma ng'ambo kulinda amani, tukavishwa kofia za buluu, tukawekwa kando ya kiwanja cha ndege za kijeshi katika nchi moja ya Ulaya. Jina la nchi hiyo nikilitamka, binti yangu hucheka mpaka anakaa chini, kwa hiyo nitaliacha hivyo hivyo. Tunachozungumza sisi ni Jumapili. Siku nyingine sita zilikuwa za serikali, lakini Jumapili baada ya ibada ilikuwa yetu, na nyuma ya ghala la mafuta palikuwa na tundu kwenye seng'enge ambalo kila afande alilijua na hakuna afande aliyeliziba.

Nieleze kwanza sisi ni akina nani. Mimi nilikuwa mpishi. Shule niliiacha darasa la nne, mimi na mwalimu tulipokosa kuelewana kuhusu mapera yake, na sijawahi kuijutia, maana sufuria haiulizi cheti. Wa pili alikuwa fundi wa redio, mtu ambaye hata redio zikizimwa yeye hazimiki. Wa tatu alikuwa dereva wa lori la maji. Huyo alikuwa mrefu, mpole, mwenye sharubu alizozitunza kama mtu anavyotunza maua. Na kilichotuleta wote Birmingham ni kitu kimoja tu, wauguzi. Mimi nililetwa na binti yangu, fundi akaletwa na mkewe, dereva akaletwa na marehemu mke wake aliyekuwa akifanya kazi hospitali kubwa karibu na Bordesley Green. Mama yule alikuwa mtu mwema sana. Alipofariki alimwachia mwenzetu nyumba ndogo na friji linalonguruma.

Jumamosi tunakutana kwa fundi, Handsworth. Njiani napitia Soho Road kununua unga kwa Singasinga mmoja mzaliwa wa Kisumu, ambaye ukimwomba apunguze bei anakutukana kwa Kiswahili, ukikaza anahamia Kijaluo. Nampenda sana mtu yule. Basi, unga ukifika, ugali unapikwa, na Jumapili za kule zinaanza kusimuliwa upya.

Kuna ile ya theluji ya kwanza. Nilijaza sufuria kubwa ya jikoni theluji tupu nikaiinjika, nikajua leo nimeokoa maji ya serikali, kumbe sufuria nzima ya theluji ikiyeyuka haitoshi hata chai ya koplo mmoja. Kuna ile ya mzee aliyechoma kondoo mzima kwenye mti, kando ya barabara ya kuendea kiwanjani. Kondoo alizungushwa polepole juu ya makaa, ngozi ikawa rangi ya karanga, na sisi tukasimama pale tukitokwa na machozi ya kukumbuka nyumbani. Lakini mzee alimtia chumvi tu! Nikarudi Jumapili iliyofuata na kachumbari yangu yenye pilipili. Akaonja, akakimbia kuizunguka nyumba yake, akarudi ameshika sahani tupu. Na kuna zile za fundi, aliyetengenezea kijiji kizima redio zao na kulipwa pombe ya plamu, nyeupe kama maji, ukiiwashia kiberiti inashika. Jumatatu fundi alikuwa haongei. Ndiyo siku pekee.

Lakini hadithi tamu kuliko zote ilikuwa ya dereva.

Kila Jumapili, ibada ikiisha, dereva alinyoa ndevu, akapaka mafuta, akachana sharubu, akaficha mikate miwili ya jikoni kwangu ndani ya jaketi. Mimi nilikuwa nikigeukia ukutani ili nisione. Kisha huyo, tundu la seng'enge, kijijini. Alirudi jioni anatabasamu peke yake. Tukimuuliza alikotoka, anasema, "Afande, mambo mengine mwanamume hayasemi."

Sasa wewe ungefikiria nini? Fundi alifikiria kwa niaba yetu wote. Akasema kuna msichana mwenye nywele za njano, nyumba yake ina madirisha ya buluu, iko nyuma ya kanisa la kengele. Hadithi ikakua kadiri sisi tulivyozeeka. Tulipofika Birmingham yule msichana alikuwa amekuwa mjane wa rubani, na nyumbani kwake kuna beseni la kuogea lenye miguu ya simba, na dereva amekaa ndani yake na povu mpaka shingoni. Dereva hakuwahi kukataa hata neno moja. Alitabasamu ndani ya kikombe, akavuta sharubu, fundi akaongeza povu.

Basi mwaka huu dereva akapata mchumba. Msimcheke. Ni mama mjane wa kanisani kwetu, anafanya kazi ya kutunza wazee kule Hodge Hill, mwanamke mwenye mikono ya nguvu, anawageuza watu vitandani kama anageuza chapati na wao wanamshukuru. Anaimba sauti ya pili mpaka vioo vinaitika. Dereva alinivuta kando ya maegesho ya kanisa, akaniambia, "Mpishi, nimechoka. Kila siku nikirudi nyumbani kinachonisalimu ni friji. Mama huyu akinikataa, mimi sitajaribu tena." Aliyasema bila kutabasamu, na mimi nikaona kwamba mwenzetu anaweza kufa kwa upweke huku tumemzunguka tunacheka.

Tukaunda ujumbe wa posa, mimi na fundi, tukavaa suti. Nilipika mwenyewe mbuzi, pilau na kachumbari, tukabeba na sukari na blanketi, tukaenda nyumbani kwa mama huko Hodge Hill, dereva katikati yetu. Mama yule hana kaka hapa Uingereza, kwa hiyo mwenyekiti wa kina mama wa kanisa ndiye aliyesimama kama ukoo wake. Na mila yetu mnaijua, hata carpet ya Hodge Hill haikuibadilisha. Chakula kinapangwa mezani, kinafunuliwa, kinanukia, na hakuna anayegusa. Maneno yakiisha, mwanamke anaulizwa mbele ya watu, "Tule au tusile?" Akisema kuleni, mambo yamekwisha, ni mke. Akisema funikeni, mnavaa viatu vyenu mlangoni, mnarudi na njaa na aibu.

Kwenye gari nilimwambia fundi, "Leo sema utumishi na ibada. Beseni liache nyumbani."

"Mpishi, unanifundisha mimi kuongea?"

Tukaanza vizuri. Mwenyekiti, mama mfupi mwenye miwani ya dhahabu, alitukaribisha kwa heshima, akatuombea, akatusifu kwa suti. Kisha akauliza swali lililonyooka kama rula.

"Wazee wetu, mtu akiwa kazini kila mmoja humwona mwema. Nyinyi mliishi naye. Siku ya mapumziko, huyu bwana alikuwa anafanya nini?"

Mimi nilifungua mdomo niseme anaosha nguo. Fundi alinitangulia. Nadhani alitaka kuwachangamsha tu. Alianza na tundu la seng'enge, nikamkanyaga. Tulikuwa tumevua viatu, kwa hiyo aliyeumia ni mimi, kidole kiligonga mguu wa meza. Yeye huyo, nywele za njano, madirisha ya buluu, na kabla sijapata pumzi tumeshaingia kwenye povu. Alimaliza anacheka peke yake.

Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika. Aliliweka chini polepole.

"Kila Jumapili?" akauliza.

"Kila Jumapili, shemeji!" fundi akasema, bado hajaona shimo.

Mama akakaa. Akasema, "Marehemu mume wangu naye alikuwa na Jumapili. Hakwenda ng'ambo, alikwenda mtaa wa pili tu. Nilipika, nikafunika, nikasubiri. Zamu hiyo nimeshaimaliza mimi. Mwenyekiti, ukitaka kuniuliza, niulize sasa hivi, niseme funikeni."

Nilimtazama dereva. Jasho lilikuwa limelowesha sharubu. Akasema, "Si kweli."

"Si kweli?" Fundi aliruka. "Afande! Miaka yote hii unakunywa chai yangu juu ya hadithi hiyo, leo si kweli?"

"Hadithi ilikuwa yako. Mimi nilikuwa na chai tu."

"Basi ulikuwa wapi?"

Sasa hapa ndipo niliposhangaa. Dereva hakumtazama yule mama. Alitutazama sisi, mimi na fundi, kwa macho ya mtu anayetuogopa. Akavuta pumzi.

"Nilikuwa nafuma."

"Unafuma nini?" mwenyekiti akauliza.

"Soksi."

Sitasema uongo, nilicheka. Fundi alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Huyu mtu na sharubu zake, na lori la magurudumu sita! Mwenyekiti alitupiga jicho moja, tukanyamaza kama watoto wa Sunday school.

Dereva akaeleza huku anaangalia magoti yake. Lori la maji halikuwa na hita. Baridi ya kwanza ilimshika miguu mpaka vidole vikapoteza rangi, na siku moja alipokuwa akimimina maji kwenye uwanja wa bibi mmoja kizee kule kijijini, machozi yalimtoka yenyewe. Bibi alimwona. Alimkalisha jikoni, akamvua buti, akamvisha soksi za sufu za mumewe. Dereva akaomba jozi ya pili kwa ishara. Bibi akamwekea sindano mkononi. Kumbe kila Jumapili mabibi wa kijiji hicho walikaa kuzunguka jiko la kuni, wanafuma na kusengenya, na yeye akawa anakaa katikati yao, hasikii neno hata moja, anafuma, anapewa kahawa. Mikate yangu ndiyo ilikuwa kiingilio.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Niwaambie nyinyi? Kambi nzima ningeitwa Bibi Soksi mpaka leo. Mliponipa mwanamke mwenye nywele za njano, nikaona afadhali huyo."

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. "Wazee wangu, hadithi ya kwanza ina beseni, ya pili ina soksi. Mimi umri wa kuamini mwanamume kwa sababu amebadilisha hadithi umenipita."

Nikaona imekwisha. Mafuta ya mbuzi wangu yalikuwa yameanza kuganda pembeni, nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho.

Lakini mama aliinama kando ya kochi, akavuta mfuko. Kina mama wa kanisa letu hufuma kofia ndogondogo za watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, wanazipeleka hospitali. Akatoa kofia iliyofika nusu, ya manjano, uzi na sindano zikiwa bado ndani, akaiweka mapajani kwa dereva.

"Endelea nilipoishia."

Dereva alitafuta miwani yake mifuko yote, akaipata kwenye paji la uso. Akageuza kazi mara mbili, kama fundi anayekagua injini ya mtu mwingine. Kisha akauzungusha uzi kwenye kidole cha mkono wa kushoto, na sindano ikaanza kuudonoa, tik tik tik, kama kuku kwenye mchele.

Mwenyekiti alisogea. "Ngoja. Anashikaje uzi huyu? Sisi uzi tunaushika kulia, tunauzungusha. Huyu anaushika kushoto, anauvua kama samaki."

"Ndivyo walivyonifundisha," dereva akasema. "Sijui njia nyingine."

"Kwetu hakuna mtu anayefuma hivyo."

"Hakuna," mama akasema. Alikuwa ameshaketi karibu naye na hakugundua. Akachukua ile kofia, akaivuta huku na huku. "Umekaza mno. Humu kichwa cha mtoto hakitaingia."

"Samahani. Mimi nimefuma soksi za jeshi tu."

"Fumua. Rudi mpaka hapa. Legeza kidole hiki."

Akamshika kidole akakilegeza mwenyewe. Mimi nikatazama dari. Fundi naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na neno, na haikuwa Jumatatu.

Mwenyekiti alijikohoza, akasimama, akarekebisha leso. "Mama, watu hawa wameleta mbuzi, wameleta sukari na blanketi. Nakuuliza mbele yao. Tule au tusile?"

Mama hakuwa na haraka. Aliangalia sindano zinavyokwenda. Alimwangalia fundi kwa muda mrefu wa kutosha, mpaka fundi akafunga kifungo cha koti. Kisha akasema, "Kuleni. Ila huyu hanyanyuki hapa mpaka arudie yote aliyokaza."

Mwenyekiti akapiga kigelegele. Sisi hatukungoja aseme mara mbili. Nilijikatia paja, fundi akajaza pilau kama mlima, na pale kwenye kochi dereva anafumua na kufuma, pua inafuata nyama, macho hayathubutu.

"Mpishi," akaninong'oneza, "niwekee ubavu."

"Ubavu umekwisha, afande." Haukuwa umekwisha. Ulikuwa mdomoni mwangu.

Mama alisikia. Akachukua sahani, akachagua kipande kilichonona, akachovya kwenye kachumbari, akamletea mpaka mdomoni, na dereva akakipokea bila kuacha safu.

"Hee!" mwenyekiti akapaza sauti. "Mama, kulishana ni siku ya harusi! Hatujafika huko!"

"Kwani mnataka ale na nini?" mama akajibu, na kipande cha pili tayari kiko kwenye uma. "Hamwoni mikono yake ina kazi?"